Usiku sijala, mbona asubuhi sukari iko juu?

Swali limetoka kwa mama wa Mbagala mwenye miaka 51, anayeuza vitenge Kariakoo:

"Habari za kazi, daktari. Nina kisukari, huu ni mwaka wa tatu. Natumia metformini ya 500 asubuhi na jioni, na glibenklamidi ya 5 asubuhi. Kabla ya kulala mashine inasoma 7 au 8. Nikiamka saa kumi na moja alfajiri nakuta 10, siku nyingine 11, na usiku sikutia kitu mdomoni. Nimeacha hata chakula cha usiku, hii ni wiki ya pili, lakini wapi. Jirani yangu naye ana kisukari, ananiambia nimeze glibenklamidi nyingine wakati wa kulala. Hiyo sukari inatoka wapi? Na nimsikilize jirani?"

Mama, jirani usimsikilize katika hili. Glibenklamidi ya kulalia, tena tumbo likiwa tupu, inaweza kukushusha sukari ukiwa usingizini, na aliyelala hazioni dalili mapema. Chakula cha usiku nacho kirudishe kuanzia leo, kiwe kidogo na kiliwe mapema kadiri ratiba yako inavyoruhusu. Baada ya hapo ndipo tuitafute sukari hiyo, na tutaitafuta kwa kupima.

Inatoka kwenye ini. Ubongo unatumia sukari usiku kucha hata kama umelala fofofo, kwa hiyo mwili hauthubutu kuiacha damu bila sukari. Ukila mchana, ini linaweka akiba. Usiku linaitoa kidogo kidogo, na akiba ikipungua linatengeneza sukari mpya kutokana na protini na mafuta ya mwili wenyewe. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini, homoni inayoshusha sukari, hulizuia ini lisizidishe. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini limekuwa gumu kuisikia insulini, na insulini yenyewe haitoshi. Kisha, kuanzia kama saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi, mwili unaongeza homoni za kukuandaa kuamka, hasa kortisoli na homoni ya ukuaji. Hizo zinalisukuma ini litoe sukari zaidi na kuipunguzia insulini nguvu. Ndiyo maana unaweza kulala na 7 ukaamka na 10 bila kula hata punje. Na ndiyo maana kukaa na njaa hakujakusaidia: ini halingoji chakula chako ili litoe sukari.

Sasa nikuulize jambo moja ambalo hukulitaja. Tangu uache kula usiku, metformini ya jioni bado unaimeza? Wengi wameambiwa kliniki kwamba metformini inamezwa pamoja na chakula au mara baada ya kula, ili isichafue tumbo. Mtu akiacha chakula anasema, "Sijala, basi na dawa leo niiache." Na metformini kazi yake kubwa ni hiyohiyo ya kulizuia ini lisimwage sukari. Ukiiacha ya jioni, umeliacha ini bila mlinzi saa zilezile linapofanya kazi zaidi. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, basi sehemu ya 10 na 11 hizo inaweza kuwa imetoka hapo, na itashuka ukirudisha chakula pamoja na kidonge chake.

Hata ukiwa unaimeza sawasawa, miligramu 1,000 kwa siku ni dozi ya katikati. Watu wengi wenye figo nzima hufikishwa 2,000 kwa siku, zikigawanywa asubuhi na jioni, na hupandishwa taratibu ili tumbo lizoee. Usijipandishie mwenyewe. Daktari anataka kwanza kuona kipimo cha figo, yaani kreatinini, kwa sababu figo zikiwa zimechoka sana metformini hupunguzwa au husimamishwa. Kama mwaka umepita hujapimwa figo, ombi lako la kwanza kliniki liwe hilo.

Kabla ya kuilaumu dawa, tuhakikishe mashine inasema kweli. Dar ina joto na unyevu, na stripu, vile vijiti vya kupimia vinavyochomekwa kwenye mashine, hazivipendi vyote viwili. Makopo mengi yameandikwa yasikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na sisi mwezi wa pili tunazipita nyuzi hizo hata kivulini. Stripu iliyokaa kwenye pochi ndani ya daladala, juu ya friji jikoni, au kwenye kopo lililoachwa wazi wakati unajichoma kidole, inaweza kukupa namba ya uongo. Toa stripu moja, funga kopo hapohapo mpaka lilie, ndipo uendelee. Usizihamishie kwenye kikopo kingine au mfuko wa plastiki, maana kopo lake lina dawa ya kunyonya unyevu. Siku unayolifungua andika tarehe juu yake, na ufuate muda ulioandikwa kwenye lebo. Kwa nyingi ni kati ya miezi mitatu na sita baada ya kufungua.

Kidole nacho kinadanganya. Ukimenya embe au ukikoroga chai ya sukari halafu ukapima bila kunawa, tone la damu linabeba sukari ya kwenye ngozi, na mtu mwenye 7 anasoma 12. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, choma pembeni mwa kidole na si kwenye ncha, acha mkono uning'inie damu ishuke yenyewe. Usikamue kwa nguvu, kwa sababu unatoa majimaji pamoja na damu. Ukitumia spiriti, subiri ikauke. Na ujue mashine nzuri inaruhusiwa kukosea asilimia 15 juu au chini: 7.4 ya jana na 8.1 ya leo zinaweza kuwa namba ileile. Usifurahi wala usihuzunike kwa tofauti ndogo hivyo. Siku ya kliniki nenda na mashine yako, upime dakika ileile wanayokutoa damu ya maabara, ulinganishe.

Hiyo 7 au 8 ya kulala, kabla hujaacha chakula cha usiku, ulikuwa unaipima muda gani baada ya kula? Nakuuliza kwa sababu foleni ya Barabara ya Kilwa inawafikisha watu nyumbani saa mbili, chakula kinaiva saa tatu, saa tatu na nusu mtu anapima na kulala. Nusu saa baada ya kula sukari bado inapanda. Kama ulikuwa wali wa nazi, au chipsi mayai, mafuta yanachelewesha tumbo kuachia chakula, na kilele kinaweza kuja saa mbili au tatu baadaye, wewe umeshalala. Mashine ilikuonyesha 8, na saa sita usiku ulikuwa na 13. Kwa hiyo namba ya usiku yenye maana ni ile inayopimwa zikishapita saa mbili tangu tonge la kwanza.

Tufanye hivi. Stripu ni ghali, kwa hiyo tutumie tisa tu. Chagua usiku tatu zisizofuatana, tuseme Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, ukiwa umeshakirudisha chakula cha usiku na dawa yake. Kila usiku pima mara tatu: saa mbili baada ya kula, saa tisa usiku kwa alamu ya simu, na ukiamka, kabla hujafungua kinywa na kabla hujaanza pilikapilika za kutoka. Kile cha asubuhi kifanyike ndani ya dakika chache za kuamka. Ukingoja mpaka ufike Kariakoo saa moja na nusu, hujala, umesimama njia nzima, ini limeendelea kutoa sukari muda wote huo na namba itakuwa kubwa kuliko ile ya kitandani. Andika namba, saa, ulichokula, na saa uliyomeza dawa. Daftari la shule linatosha.

Namba hizo zitakuja kwa moja ya sura chache.

Ikiwa saa mbili baada ya kula uko 12, saa tisa 11, asubuhi 10, basi ini tumelisingizia. Umelala nayo, umeamka nayo, na kazi iko kwenye sahani. Hapa ndipo nakutana na imani kwamba dona haina sukari. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina makapi yake, inapandisha polepole kidogo, lakini ni mahindi yaleyale na wanga ni uleule. Mlima wa dona utakupandisha kuliko kitonge cha sembe. Kipimo chako kiwe ngumi yako mwenyewe: ugali au wali usizidi ukubwa wa ngumi iliyofumbwa, nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, bamia au kabichi isiyoogelea mafuta, na robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, kuku au maharage. Maharage nayo yana wanga, ila yanapandisha taratibu. Ukila maharage punguza ugali. Anza na mboga na kitoweo, ugali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kilele cha sukari. Na ukimaliza usikae. Dakika 15 za kutembea, hata kama ni kuzunguka uani au kupanga mzigo wa kesho, misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja dawa.

Najua unarudi na njaa, na mwenye njaa hapimi kwa ngumi. Kula kitu saa kumi na moja jioni kabla hujafunga biashara: yai la kuchemsha, kiganja cha karanga, au tango. Ukifika nyumbani utakula kama mtu mwenye uamuzi. Juisi ya miwa na ya maembe pale sokoni, soda, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, hivyo havimo kwenye hesabu ya kupunguza. Ni vya kuacha. Soda ya chupa ya kawaida inaweza kuwa na sukari ya vijiko vinane au tisa vya chai. Asali haina msamaha wowote.

Ikiwa saa mbili baada ya kula uko 7 au 8, saa tisa uko 7, na asubuhi 10, hapo ni ini na homoni za alfajiri, na kwa maelezo yako nahisi ndipo ulipo. Chakula cha usiku kiwe chepesi ila kiwepo. Metformini ya jioni isikosekane. Ukiamka usikae saa tatu bila kula ukidhani unaisubiri sukari ishuke. Kwa wengi haishuki mpaka wale kidogo, kwa sababu kula ndiko kunakoamsha insulini inayolituliza ini. Kula kabla hujatoka: yai na kipande cha kiazi kitamu, au uji mwepesi wa dona usio na sukari pamoja na karanga. Tena glibenklamidi yako unaimeza asubuhi, na ukiimeza bila kula unajiweka hatarini njiani.

Usingizi nao umo humu. Ukilala saa tano na kuamka saa kumi na moja kasoro, umelala chini ya saa sita, na mwili uliokosa usingizi unakuwa mgumu zaidi kwa insulini siku inayofuata. Ukiambiwa unakoroma sana na kukatika pumzi usiku, au unasinzia dukani mchana, mwambie daktari. Tatizo hilo huongeza sukari na presha, na lina tiba yake.

Sura ya tatu ndiyo ninayoiogopa: saa tisa unakuta 3.5. Sukari iliyo chini ya 4 imeshuka, chini ya 3 ni hatari. Usisubiri asubuhi. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, au kunywa nusu ya chupa ya soda ya kawaida, isiyo ya "zero". Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula kitu kidogo cha kushikilia, kama ndizi moja au nusu kikombe cha uji. Chapati na nyama usivitumie kuokolea, mafuta yanachelewesha. Na asubuhi hiyo usimeze glibenklamidi kabla hujaongea na kliniki yako. Pakikucha, piga simu au nenda.

Hatari hiyo inatokana na jinsi glibenklamidi inavyofanya kazi. Inalikamua kongosho litoe insulini, iwe umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kudumu saa 24. Kidonge cha asubuhi bado kina kazi usiku. Ukiacha chakula cha jioni, kama ulivyofanya, halafu ukaongeza cha pili kulalia, insulini inatoka na hakuna chakula cha kuipokea. Figo zikiwa zimechoka dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi na mtu anaweza kushuka, akapewa sukari, akaamka, akashuka tena saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo aliyeshushwa na glibenklamidi mpaka akachanganyikiwa au kuzimia anapelekwa hospitali hata kama ameshaamka. Na asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu na mkimbie naye. Kwa wenye zaidi ya miaka 60, Shirika la Afya Duniani linaitaja glibenklamidi kuwa haifai, na gliklazidi, dawa ya jamii hiyohiyo, ndiyo iliyo salama zaidi kwao. Kama jirani yako ni mtu mzima wa umri huo, mpelekee ujumbe huu.

Usiku wa joto Dar kila mtu anatoka jasho, kwa hiyo wengi hawaitambui sukari iliyoshuka. Jasho la sukari kushuka huja hata feni ikiwaka, ngozi unaigusa ni ya baridi, shuka limelowa mgongoni, moyo unakwenda mbio. Wengine wanaota ndoto mbaya au wanaamka na kichwa kizito na mwili umechoka. Mwambie unayelala naye chumba kimoja dalili hizi, na umwonyeshe sukari ilipo.

Utasikia watu wakisema sukari kubwa ya asubuhi ni dalili kwamba ulishuka usiku na mwili ukajirudi. Ilifundishwa hivyo miaka mingi. Vipimo vya kufuatilia sukari usiku kucha vimeonyesha kwamba wengi wanaoamka na sukari kubwa hawakushuka kabisa. Kwa hiyo usidhani umeshuka, wala usidhani hujashuka. Pima saa tisa.

Kwa wasomaji wanaochoma insulini ya mchanganyiko, ile ya maziwamaziwa ya 30/70, asubuhi na jioni: hesabu inabadilika. Ya jioni ikichomwa saa kumi na mbili, sehemu yake ndefu inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa nne usiku na saa kumi, halafu inaisha wakati homoni za alfajiri zinapanda. Mtu huyo anaweza kushuka usiku na kupanda asubuhi kwa dozi ileile, na kuongeza yuniti kwa kuangalia namba ya asubuhi peke yake ni kumsukuma chini zaidi saa tisa. Yeye anahitaji vipimo hivi kuliko wote. Aangalie pia chupa yake: ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, mbali na barafu, na iliyowahi kuganda inatupwa. Inayotumika huisha muda wake baada ya wiki nne hivi, na haipendi joto la zaidi ya nyuzi 25 hadi 30. Umeme ukiwa wa shida, chupa ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, iwekwe ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini, upepo unapopita. Kwenye unyevu wa Dar chungu hakipozi kama kinavyopoza Dodoma, lakini ni afadhali kuliko kabatini chini ya bati.

Mlonge, mdalasini, karela, na vile vidonge vya "mitishamba" visivyo na maelezo: mboga ya mlonge kula, ni mboga. Vidonge usiguse. Katika nchi mbalimbali bidhaa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na glibenklamidi kwa siri, na wewe tayari unameza ya kwako.

Namba tunayoitafuta asubuhi, kwa umri wako, ni kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya kula isifike 10. Hatuihitaji kesho. Ukianza na 11, wiki tatu za kuwa 8 na 9 ni maendeleo ya kweli. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita, HbA1c, ndicho kitakachoamua kama dawa ibadilishwe. Tunalenga chini ya asilimia 7. Kama una selimundu au upungufu wa damu, waambie kabla ya kutolewa damu, kwa sababu matatizo hayo yanaharibu jibu la kipimo hicho na itabidi wategemee daftari lako.

Ukimaliza usiku zako tatu, usingoje tarehe ya kadi kama saa tisa ulikuwa chini ya 4, au kama asubuhi unaendelea kuzidi 10. Kliniki za kisukari zipo kwenye hospitali za Temeke, Amana, Mwananyamala na Muhimbili, na ya Temeke ndiyo iliyo jirani nawe. Nenda na daftari, mashine, kopo la stripu na dawa zote ndani ya pakiti zake. Omba wakupime figo na HbA1c, na uulize mambo mawili: kama metformini ya jioni inaweza kupandishwa, na kama glibenklamidi inaweza kubadilishwa kuwa gliklazidi. Sukari ikizidi 15 na ukaanza kutapika, au kiu na mkojo vikawa havikatiki, au mashine ikaandika "HI", yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, hiyo si ya kliniki tena. Nenda mapokezi ya dharura usiku huohuo.